Mikono ya Wanawake wa Bath

Bath, 9 Oktoba 1774

Kwa Bwana Ambrose Threlkeld, mchora mavazi, Soho, London

Rafiki yangu Threlkeld,

Gari la mizigo la Jumatatu litakuletea nyuso tatu. Zipokee kwa heshima, maana sijawahi kuchora nyuso nzuri kuliko hizi, na nasema hivyo nikizikumbuka vizuri zile za mwaka jana. Picha ya kwanza ni ya mke wa kasisi. Mvishe kitu cha kahawia, asije akaonekana tajiri kuliko askofu. Ya pili ni mjane Pratchett, ambaye amechoka kuonekana mjane. Mpe hariri ya waridi, mengine tumwachie Mungu.

Ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Ni Bibi Lavinia, aliyeolewa na Bwana Harcombe mwezi Juni, na picha ni ya kimo kizima. Uso uko tayari, shingo iko tayari. Kuanzia mabegani kwenda chini ni turubai tupu, hilo ni shamba lako, lilime utakavyo. Nataka hariri nyeupe, lesi kwenye viwiko, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti na mwingine umeshika kitabu ambacho hana haja ya kukisoma. Picha hii ndiyo nitakayoipeleka kwenye onyesho la picha la Pall Mall mwezi wa Aprili. Ikikubalika, wachoraji wa London watajua kwamba Bath kuna mtu.

Hapa watu wanapanga foleni mlangoni pangu. Asubuhi wanakunywa maji ya dawa, mchana hawana la kufanya ila kuchorwa. Mtu anakaa kwangu mara tatu, namaliza uso, nampa kwaheri. Habari za nguo na mikono wala siwachoshi nazo, ndiyo maana wananipenda.

Jambo moja. Mbona siku hizi barua zako zote ni mwandiko wa mkeo? Umekuwa mvivu, au umekuwa bwana mkubwa?

Wako,
Gideon Sallow

*

London, 15 Oktoba 1774

Bwana Sallow,

Nyuso zimefika salama. Mjane Pratchett alikuwa na unyasi umemganda puani, tumeutoa. Mume wangu anakusalimu sana na anasema si mvivu wala si bwana mkubwa, ila mikono yake kutwa iko kwenye rangi, na anajua hupendi barua yenye madoa. Kwa hiyo yeye anasema, mimi naandika.

Anakuuliza kama umehama chumba. Nyuso zako zote za nyuma zilipigwa na mwanga kutoka kushoto. Hizi tatu mwanga unatoka kulia, na hukutuandikia hata neno. Tungelala kidogo tu, Bibi Lavinia angepata jua la kulia shavuni na jua la kushoto kwenye sketi, watu wakabaki wanauliza huko Bath kuna majua mangapi. Siku nyingine tuambie.

Hariri nyeupe tunayo na tumeshaitandika juu ya sanamu yetu ya mbao, ile yenye viungo. Inakaa vizuri, haipigi chafya na haiombi chai. Picha utaipata kabla ya Krismasi. Utaipenda.

Ambrose Threlkeld,
kwa mkono wa mkewe, Keziah

*

London, 16 Oktoba 1774

Kwa Tabitha, Norwich

Dada yangu,

Umeniuliza kama Ambrose anaendelea vizuri. Anakula vizuri, anacheka vizuri, ananifundisha kazi kutwa nzima kama vile sikuolewa naye bali nilipelekwa kwake kujifunza. Lakini mikono haijarudi. Daktari amekata kauli: ile rangi nyeupe ya risasi aliyoisaga mwenyewe tangu ujana imemla mishipa. Viganja vinaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Kijiko anakishika kwa mikono miwili na bado namfunga kitambaa kifuani.

Kwa hiyo ukisikia kwamba Threlkeld wa Soho ana kazi nyingi kuliko zamani, jua ni mimi. Kila hariri, kila lesi, kila kitufe, tangu masika ya mwaka jana. Hakuna anayejua ila wewe na Ambrose. Mchora nyuso akisikia kwamba mavazi yake anayachora mwanamke, ataanza kuona makosa ambayo jana hakuyaona, na wiki inayofuata turubai zitaenda kwa mtu mwingine. Naijua biashara hii. Basi natia sahihi ya mume wangu na maisha yanaendelea.

Tena nakuambia wewe peke yako: nayaweza, Tabitha. Nayaweza kuliko alivyoyaweza yeye, na yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana anakosoa sana.

Kuna shida moja tu, mikono. Sanamu ya mbao ina vidole vya vijiti, ukivichora mwanamke anaonekana ana baridi yabisi. Wenye sura zao hawaji kwetu kamwe, nyuso zinakuja zenyewe kwenye sanduku. Basi nimebaki na mkono wangu wa kushoto. Nikiuangalia moja kwa moja napata mkono wa kushoto. Nikiuangalia kwenye kioo napata wa kulia. Mambo yanaisha. Na kile kidole cha mwisho ulichonibania kwenye kitanda cha kufumia cha baba, kikapinda, nimejaribu kukinyoosha kwenye picha na kila nikikinyoosha mkono unakufa. Nimekiacha kilivyo. Nani atakayeangalia kidole?

Sasa neno nililokusudia kukuandikia. Mwezi wa Aprili onyesho la Pall Mall linapokea picha za mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, mradi wakaguzi wazipende. Nataka kupeleka picha moja, yote yangu, uso mpaka kiatu, chini yake jina langu. Nikikaa hivi mwaka mwingine, Ambrose atakuwa fundi maarufu na mimi nitakuwa mke wake anayeandika barua. Sitaki.

Mdogo wako,
Keziah

*

Norwich, 2 Novemba 1774

Kezi,

Kidole sikukubana, ulikiweka mwenyewe baada ya kuambiwa usikiweke. Tusianze.

Mume wangu nimemsomea barua yako, ile sehemu isiyo ya siri, na amekufumia kitambaa hiki ninachokutumia. Ni cha sufu, rangi ya majani makavu, kigumu kidogo. Ukitaka kujichora, jichore ndani ya hiki. Hariri umewachorea wake za watu mpaka basi. Sisi ni watoto wa mfumaji, mtu akiangalia picha yako ajue anaangalia mtoto wa mfumaji aliyefika Pall Mall.

Halafu nikuulize. Umesema nani atakayeangalia kidole. Mimi nakijua kidole hicho. Nikikutana nacho kwenye ukuta wa mtu, nitauliza dada yangu anafanya nini humu. Una uhakika ni wewe peke yako duniani unayeangalia vitu?

Msalimie Ambrose. Mwambie mume wangu ana mikono mizima na bado namsomea barua.

Dada yako,
Tabitha

*

Bath, 11 Januari 1775

Kwa Bibi Threlkeld, ikiwezekana aisome akiwa peke yake

Bibi,

Mimi na wewe hatujaonana, lakini kwa mwandiko wako nakuona ni mtu wa akili na subira. Naomba ukae chini kabla ya kuendelea.

Picha ya Bibi Lavinia ilifika, nikaipeleka mwenyewe kwa Bwana Harcombe siku ya Krismasi. Mavazi ni mazuri, sitasema uongo. Hariri ile unaweza kuisikia ikichakarika. Wakaitundika ukumbini kando ya picha ya Bibi Augusta, mama yake Bwana Harcombe, niliyoichora masika na mumeo akaivisha. Tukakaa mezani. Supu haijaisha, mke wa daktari akanyoosha kijiko ukutani akasema, "Mbona mmegawana mikono?"

Watu wote wakageuka. Bibi, ilikuwa kweli. Kiganja kilekile, kucha zilezile, na kidole cha mwisho kimepinda kulia na kushoto, kwa mama mkwe na kwa mkwe. Nilikuwa sijawahi kuziona picha hizo mbili pamoja, na mikono huwa siiangalii.

Bibi Augusta akaweka kijiko chini. "Huyu msichana ameingia nyumba hii akachukua mwanangu," akasema. "Akachukua ufunguo wa kabati la sahani. Sasa amechukua mikono yangu."

Bibi Lavinia akamjibu, "Mama, ile mikono si yako. Yako ina mishipa."

Mimi nikajifanya nimepaliwa na supu. Lakini habari ilitoka ukumbini kabla sijatoka mimi. Kufikia Mwaka Mpya hakuna nyumba Bath ambayo hawakushusha picha yangu wakaipeleka dirishani. Mke wa kasisi anayo mikono hiyo. Mjane Pratchett anayo. Wanawake wanakutana kwenye maji ya dawa, wanavuana glavu na kucheka, na wanamcheka Sallow.

Sasa nakuambia lile linaloniuma kwa ajili yako. Mikono hii haikutoka kwenye sanamu ya mbao. Sanamu haina kucha iliyokatwa vibaya. Huyu ni mwanamke, yuko hai, yuko London, na mumeo anamwangalia kila siku. Nimekuwa katika kazi hii tangu sijaota ndevu, na mkono uliochorwa na mtu anayeufahamu kwa karibu naujua. Vile vidole viwili vilivyopinda ndivyo vinavyonipa picha ya mtu aliyechanganyikiwa kwa mapenzi, maana hakuna mwanamke aliyeumbwa hivyo. Bibi, pole sana. Zungumza naye kwa upole. Mwambie aachane na huyo mtu.

Lakini kazi ni kazi. Bibi Lavinia namrudisha kwenu wiki ijayo. Mikono ifutwe ichorwe upya, mingine, ya mtu yeyote. Ikija tena mikono hiyo, turubai zangu zote nazipeleka kwa Bwana Crouch, mchora mavazi wa Covent Garden, na onyesho la Aprili nitalifanya bila ya Threlkeld.

Kwa masikitiko,
Gideon Sallow

*

London, 19 Januari 1775

Kwa Tabitha, Norwich

Dada,

Haya, furahi, ulisema. Nakuwekea barua ya Sallow humu ndani uisome, kisha uirudishe, maana nataka kuisoma tena nikizeeka.

Nilimsomea Ambrose. Nilipofika kwenye "mwambie aachane na huyo mtu" alicheka mpaka akateleza kitini, ikabidi nimwinue. Mimi nilikuwa navunjika mbavu hata kumwinua sikuweza vizuri. Tukakaa sakafuni wote wawili kama watoto.

Halafu kicheko kikaisha. Nikamwambia, "Namwandikia ukweli."

Akasema, "Nyoosha vidole, Kezi, mrudishie picha yake, yaishe."

"Na jina langu?"

"Na langu?" akasema. "Mikono imekwenda. Kilichobaki ni watu kusema Threlkeld anajua hariri. Ukimwandikia Gideon, nitakuwa nani? Mgonjwa wa Soho anayelishwa uji na mkewe."

Kama viganja vyangu ndivyo vingekuwa vinaning'inia ningesema hayohayo. Nilimkasirikia na nilimhurumia, nikaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Picha ya Lavinia imeshafika, iko mbele yangu imeegemea ukuta. Sijagusa kitu. Yangu mimi, ile ya kitambaa chenu, nimefika kwenye kidevu. Nimetoka na sura ya mtu anayetaka kugombana. Ndivyo nilivyo, nimeiacha.

Keziah

*

London, 20 Februari 1775

Bwana Sallow,

Nilikaa chini kama ulivyonishauri, na barua yako nimeisoma mbele ya mume wangu. Ni kweli, mwanamke yupo. Yuko hai, yuko London, na Ambrose anamwangalia kila siku. Amenituma nikuambie kwamba hana mpango wowote wa kuachana naye.

Ni mimi, Bwana Sallow. Na si mikono, ni mkono mmoja, wa kushoto. Ule unaouona upande wa kulia kwenye picha zako ni huohuo wa kushoto nimeutazama kwenye kioo, ndiyo maana vidole vimepinda pande zote mbili. Mkono wangu wa kulia hujauona bado. Ulikuwa kazini.

Mume wangu ana ugonjwa wa risasi, viganja vimelegea, hajashika brashi tangu masika ya mwaka juzi. Lesi ya Bibi Augusta, uliyoisifia ukasema Threlkeld amezaliwa upya, niliichora mimi. Hariri unayoisikia ikichakarika niliichora mimi. Na yule aliyegundua kwamba umehama chumba ni mimi, yeye alikuwa amelala.

Usidhani alikubali haraka nikuandikie. Alikaa na jambo hili mwezi mzima. Juzi aliniomba nimshikishe brashi, nikamfungia kwa utepe kwenye vidole, nikamsogezea turubai yangu. Alijaribu kuinua mkono. Brashi ikalala. Akasema, "Haya, mwandikie Gideon. Na mwambie nani alikufundisha." Basi nakuambia: ni Ambrose Threlkeld aliyenifundisha, na mpaka leo hakuna mtu London anayejua kuliko yeye kwa nini mkunjo unaanguka pale unapoanguka.

Sasa Bibi Lavinia. Mikono yake sitaichora ya mtu yeyote. Nitachora yake. Kosa la kurudia mkono mmoja ni langu, nalikubali. Lakini mimi naletewa nyuso kwenye sanduku. Kwako wewe, mwenye mikono hiyo alikaa mbele yako mara tatu, ukamaliza uso ukampa kwaheri. Nimesikia yuko London mpaka Pasaka. Niletee hapa asubuhi moja, nami nitakupa picha ambayo mama mkwe wake hataidai.

Mwezi wa Aprili napeleka onyeshoni picha yangu mwenyewe, kwa jina langu. Nimeona uisikie kutoka kwangu kabla ya kuisikia kwa watu.

Keziah Threlkeld

*

Bath, 26 Februari 1775

Bibi,

Miaka miwili nimewaandikia watu wa nyumba hiyo kwa moyo mweupe. Nimekupa pole kwa ajili ya mwanamke ambaye ni wewe mwenyewe. Sijui unataka nicheke au nifanye nini.

Mimi si mtu wa kufundishwa kuangalia na mke wa fundi wangu. Picha ya Bibi Lavinia ifungwe vizuri ipelekwe kwa Bwana Crouch, Covent Garden, ataimaliza. Nyingine zilizoko huko ziende naye. Mwambie Ambrose kwamba ugonjwa wake umenisikitisha, na kunyamaza kwake kumenisikitisha zaidi.

G. Sallow

*

London, 30 Machi 1775

Kwa Tabitha, Norwich

Dada,

Kazi za Sallow zimekwenda. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla, hata sauti ya Ambrose akikohoa inarudi. Sitakudanganya, siku mbili za kwanza niliogopa. Siku ya tatu nikapaka rangi.

Moja haikwenda. Nilikuwa nimeshaifunga picha ya Lavinia kwa kamba, mlango ukagongwa, akaingia yeye mwenyewe na mjakazi wake na kikapu cha machungwa. Sallow kwa hasira zake ameitangaza habari Bath nzima, na Bath imeileta London kabla ya barua zake. Lavinia akavua glavu mlangoni. "Nimeambiwa wewe ndiye mwenye mikono yangu," akasema. "Nimekuja kukuonyesha ilivyo."

Ni mifupi, Tabitha, minene, ina vishimo kwenye vifundo kama ya mtoto, na pete imembana mpaka haitoki. Akaniuliza kama nitaifanya iwe mirefu kidogo. Nikamwambia hapana. Akafikiri, akasema basi sawa, mumewe anaipenda hivyohivyo. Alikaa asubuhi nzima akila machungwa kwa mkono ambao siuchori. Crouch akimtaka, akamtafute kwake. Picha ameichukua mwenyewe, na amemwandikia Sallow kwamba ama iende onyeshoni hivyo ilivyo, ama isiende.

Yangu imekwisha. Nimekaa ndani ya kitambaa chenu, brashi mkononi, nawaangalia watu kama wamechelewa. Mkono wa kushoto ulikuwa rahisi, sasa nauchora hata nikisinzia. Wa kulia ndio ulionipa taabu, kwa sababu hauwezi kukaa kuchorwa na kuchora kwa wakati mmoja. Niliuchora kwa kushika brashi kwa mkono wa kushoto. Umetoka na ukali fulani, kama umeshtukizwa. Ambrose aliutazama, akatazama tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukosoa kitu. Akasema, "Peleka. Wakiniuliza mimi ni nani, nitawaambia mimi ni mume wa yule."

Nilienda jikoni nikalia kidogo, nikarudi nikaitia vanishi.

Kesho inachukuliwa na wabebaji.

Keziah

*

London, kwenye nyumba ya wageni ya Haymarket, 3 Mei 1775

Kwa Bibi Keziah Threlkeld, Soho

Bibi,

Nimeandika mwanzo wa barua hii mara nyingi, na kila mwanzo ulikuwa unanisifu mimi. Naanza basi na Bwana Crouch. Mke wa meya wa Bath amerudi kutoka kwake ana mikono kama viazi. Mumewe amenirudishia picha.

Leo nimetoka Pall Mall. Bibi Lavinia wetu ametundikwa pazuri, usawa wa macho, na watu wanamsogelea. Nilisimama kando nikisubiri kusikia wanasema nini juu ya uso. Wanasema mikono. Mzee mmoja alimwambia mkewe, "Yule ni mtu kweli, tazama pete ilivyombana." Uso wangu upo pale juu, mzuri, na hakuna aliyeutilia shaka, lakini mikono ndiyo iliyowafanya wauamini. Nilikuwa sijui hilo. Nimechora nyuso maisha yangu yote nikidhani mtu anaishia shingoni.

Kisha nikasikia vicheko karibu na mlango, nikajua sauti za Bath. Wote walikuwepo. Mke wa kasisi, mjane Pratchett ndani ya waridi, mke wa daktari, na katikati yao Bibi Augusta Harcombe na fimbo yake. Wamekizunguka kitu kilichotundikwa chini chini, karibu na goti la mtu. Nilipenya.

Nilikujua kabla ya kusoma jina. Mkono wa kushoto ule pale, umelala kwenye kitambaa cha rangi ya majani, kidole kimepinda, nao wote walikuwa wanautazama kama watu waliokutana na ndugu yao ugenini. Mjane Pratchett alikuwa ameweka wake hewani akiulinganisha. Mimi niliangalia wa kulia. Ule uliokuwa kazini. Bibi, nilisimama pale mpaka mlinzi akaniomba nisogee.

Bibi Augusta aliniona. "Sallow," akasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Mwaka mzima nimevaa mikono ya mwanamke huyu, na hukuniambia."

Nikasema sikujua.

"Ndiyo ninachokulaumu," akasema. "Mwandikie. Mwambie namtaka anichore mimi, yote, uso na mishipa yangu yote ambayo mke wa mwanangu ameitangaza. Nimechoka kuwa na ngozi kama kauri."

Nikamuuliza, kwa heshima zangu zote, na mimi je.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe utachora mbwa. Atakaa miguuni pangu. Ana uso mzuri."

Basi nimekuandikia, kama nilivyoagizwa. Nilikukosea, nilikuita mke wa fundi wangu, na fundi ni wewe. Ambrose nitakuja kumwona kesho kama mtanifungulia mlango. Mbwa anaitwa Pompey. Nikimwaza, nadhani nitamfanya vizuri sana.

Wako kwa unyenyekevu ambao bado naujaribu,
Gideon Sallow

*

London, 4 Mei 1775

Bwana Sallow,

Mlango uko wazi. Ambrose ameshavaa koti lake la kutokea tangu asubuhi na anajifanya hasubiri mtu. Usimpe mkono, mkumbatie, atafurahi.

Bibi Augusta namkubali. Aje kukaa kwangu, asitume uso. Jina langu litakaa chini upande wa kulia, lako upande wa kushoto, na mwanga utatoka kwenye dirisha langu, kwa hiyo kabla hujamgusa Pompey njoo uangalie unatokea wapi.

Mbwa ni wako, uso wake uchore upendavyo. Ila miguu yote minne niachie mimi.

Keziah Threlkeld